Kumtafutia Mama Liang Mji wa Kuzeekea

Rukia ananiuliza kila tukipika. Bi Asha ananiuliza kila tukipanga foleni ya bafu. Na wale wa Mombasa wanaokaa ghorofa ya chini yetu wamesikia nusu, nusu iliyobaki wakajaza wenyewe, na sasa inasemekana nimeolewa na Mzungu mwenye kondoo. Sijaolewa na mtu. Mume wangu yuko Tanga, mzima wa afya, na hizo habari zimeshamfikia. Kwa hiyo naandika yote kwa mara moja, msome, mpeane, kisha mniache nifungashe mzigo wangu. Mambo ya viza na tiketi sitayagusa, yasije yakawachosha kama yalivyonichosha mimi.

Kwa asiyemjua, Mama Liang ndiye aliyekuwa akiniuzia blauzi pale Shisanhang, lile soko la nguo za jumla hapa Guangzhou, ghorofa ya tatu, kibanda cha kona. Mjane, miaka hamsini na minane, mfupi, sauti kama ya mnadi. Ngazi za jengo lile zilikuwa zimemmaliza magoti. Siku moja mwezi wa tano, tukiwa katikati ya kuvutana bei, aliweka kikokotoo chini akasema:

"Dada, nafunga duka. Nakwenda kuzeekea Australia. Wewe unajua Kiingereza. Twende ukanisaidie kuchagua mji."

Nilidhani ni mbinu mpya ya kukataa kupunguza. Nikamwambia, "Si una mtoto huko? Keung ana miaka tisa huko. Kiingereza anacho."

"Keung ni mwanangu," akasema. "Nikimuuliza nyumba hii ina kasoro gani, atanijibu anachotaka nisikie. Wewe nakujua. Miaka miwili umekuwa ukinionyesha kila uzi uliolegea kwenye nguo zangu. Nataka mtu wa hivyo."

Alikuwa amesoma kwenye gazeti la Kichina alilotumiwa na Keung kwamba pesa za kununua chumba Sydney, kwenye miji midogo ya pwani au ya bara zinakupa nyumba nzima na bustani. Alitaka mji wa namna hiyo: bei ndogo, ardhi tambarare kwa ajili ya magoti, hospitali karibu, na mahali pa kupanda mboga. Tiketi yangu angelipa yeye.

Kichina changu mnakijua. Ni cha bei, rangi, saizi, "ghali mno" na "hakuna". Lakini nani angekataa? Usiku ule hata usingizi sikuupata kwa furaha.

Guangzhou hadi Hong Kong

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka huu wa tisini na nane. Treni ya Hong Kong ilichelewa kwa muda wa saa tatu, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Mama Liang hakujali. Alikuwa na mabegi manne, na matatu kati yake yalikuwa chakula. Tuliketi juu ya mabegi, akafungua moja, akatoa vifurushi vya wali wa kunata vilivyofungwa kwenye majani ya mwanzi, vile wanavyopika majira hayo. Mnajua humo ndani huwa wanatia nguruwe. Nikaanza kutafuta maneno ya kukataa kwa adabu, yeye akanionyesha kidole kwenye nyuzi.

"Nyuzi nyeupe zangu. Nyuzi nyekundu zako. Karanga na maharage tu. Sufuria mpya."

Sufuria mpya! Mwanamke ambaye hajawahi kunipunguzia shilingi bila kupiga kelele alinunua sufuria mpya kwa ajili yangu. Nilikula vinne.

Ndege yetu iliruka kutoka ule uwanja wa zamani wa Hong Kong ulio katikati ya majumba. Kwenye mapaa niliona nguo zimeanikwa, mashati na shuka, karibu kabisa, nikahisi ningenyoosha mkono ningezianua. Mama Liang alifumba macho. Mimi nilibana pua kwenye kioo mpaka mawingu yakafunika kila kitu.

Uwanja wa ndege wa Sydney

Hapa tulikwama mapema. Afisa wa kukagua vyakula na mimea, mama mmoja mwenye miwani shingoni, alifungua begi la kwanza la Mama Liang akatoa soseji zilizokaushwa, uyoga, mayai ya bata ya chumvi, na mwishoni kabisa kopo la maganda ya machungwa yaliyokaushwa. Yale maganda yalikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Kule kwao, kadiri yanavyozeeka ndivyo thamani inavyopanda.

Afisa akaniambia vitu hivi haviruhusiwi, vinabaki hapa. Sasa mimi neno la karantini kwa Kichina nitalipata wapi? Nikasema nilichoweza: "Anataka kuchukua vyote."

Mama Liang akamtazama yule afisa kwa heshima mpya. Akanong'ona, "Anajua mali huyu." Kisha akatoa kikokotoo mkobani, akabonyeza, akamsogezea afisa akione.

Afisa akaniuliza, "Anafanya nini?"

Nikamwambia ukweli: "Anakuuzia."

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Bado alichukua kila kitu. Nilipofaulu kueleza kwamba maganda yanakwenda kuchomwa moto, Mama Liang aligeuka nyuma kila hatua kuyatazama mpaka tulipotoka nje na kumwona Keung.

Sydney, chumba cha nyuma ya gereji

Keung ni fundi wa majokofu, ana miaka thelathini na minne, hajaoa, mpole, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alikuwa amemjengea mama yake chumba nyuma ya gereji, na si kwa uvivu. Alipaka rangi, aliweka kipasha joto, na ukutani alitundika picha kubwa ya marehemu baba yake. Mama Liang alikagua kila kitu, akagonga kuta, akamwambia mwanawe asante. Kisha akanigeukia akasema kwa Kichina cha sokoni ili nielewe: "Dirisha linatazama pipa la taka."

Siku ya tatu, kabla hatujaondoka kwenda kaskazini, Keung alinikuta jikoni naosha vikombe.

"Dada," akasema kwa Kiingereza, "nakuomba kitu. Kila nyumba mtakayoona, mwambie mama ni mbovu. Mwambie paa linavuja. Sakafu imeoza. Chochote. Atachoka, atarudi hapa."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie mwenyewe kwamba anataka akae naye.

"Nimemwambia. Anasema namwonea huruma." Akakunja taulo mara mbili, tatu. "Miaka tisa alikuwa peke yake. Sasa amekuja, na anataka kwenda kuwa peke yake tena mwendo wa saa nane kutoka kwangu. Akianguka nani atamwokota?"

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilisema, "Nimesikia," na lile jibu limenisumbua safari nzima, maana yeye alilichukua kuwa ndiyo.

Kaskazini kwa treni

Mchana wa kwanza wa safari ile nilisahau shida zote. Mito mipana, ng'ombe weusi kwenye majani mabichi, kisha ghafla kipande cha bahari, kisha msitu tena. Mama Liang alikuwa ananishika mkono kila baada ya dakika tano: "Hapa bei gani? Pale bei gani?" kana kwamba nchi nzima imetandikwa mezani.

Baada ya saa tano hivi treni ikasimama. Mti ulikuwa umeanguka kwenye reli baada ya mvua. Tukakaa saa mbili na nusu tukiwatazama ng'ombe, nao wakitutazama. Aliyeketi mbele yetu alikuwa bibi mmoja aitwaye Doreen, akifuma sweta la kijani. Aliutazama mtandio wangu muda mrefu kisha akauliza kwa upole mimi ni sista wa shirika gani. Kumbe alidhani ni mtawa, na Mama Liang ni mtu niliyembatiza huko China! Nilipomweleza kwamba mimi ni Mwislamu wa Tanga na ninauza blauzi, aliomba radhi mara nne, akatugawia mikate yake ya mayai.

Alipojua tunachotafuta aliweka sindano zake chini kabisa.

"Msichague mji siku ya jua," akasema. "Nendeni siku ya baridi, siku ya Jumanne, muone kama kuna mtu barabarani. Na mwambie mama yako huyu asiulize anachokiona dirishani. Aulize nani atampeleka kwa daktari macho yakishindwa kuendesha gari."

Nikatafsiri: "Nyumba nzuri si kitu. Jirani mzuri ndiyo mali." Mama Liang akamtazama Doreen, akapekua begi lake, akampa pakiti ya zabibu kavu iliyosalimika uwanja wa ndege, sijui kwa njia gani.

Nambucca Heads

Mji wenyewe ni mzuri kupita kiasi. Mto unaingia baharini pale pale, mchanga unang'aa, na ndege wakubwa wenye midomo kama mifuko, mwari, wanasimama juu ya nguzo za taa. Tulikula samaki na chipsi tukiwa tumeketi ukutani, upepo unatupiga, Mama Liang akinyonya mifupa ya samaki na kucheka peke yake. Akasema hajaketi kutazama maji bila kazi mkononi tangu alipoolewa.

Dalali wetu aliitwa Trevor, amevaa kaptura kwenye baridi ile. Nyumba ya kwanza ilikuwa nafuu sana, nyeupe, yenye baraza inayotazama bahari. Nikamuuliza mbona rahisi hivi. Trevor akasema ni mali ya marehemu, warithi wanataka kuuza haraka. Nikatafsiri: "Mwenyewe amekufa."

Mama Liang alikuwa ameshika kitasa cha kabati. Akakiachia. "Amekufia wapi?"

Nikamuuliza Trevor. Akajibu kwa furaha, akidhani anatupa habari njema: "Hapa hapa, kitandani kwake, amelala kwa amani!"

Sikumaliza kutafsiri. Mama Liang alitoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka akafika barabarani, akaniita nitoke na mimi. Trevor alibaki mlangoni ameshika funguo, akiniuliza alichokosea.

Nyumba ya pili ilikuwa na ngazi thelathini na moja kutoka barabarani. Ya tatu ilikuwa tambarare, karibu na maduka, lakini bei yake ilimfanya Mama Liang aseme "ghali mno" kwa sauti ile ile mnayoijua, Trevor akaruka. Mji mzima ni vilima. Jioni alijisugua magoti kwa mafuta akasema, "Bahari nzuri. Magoti hayaitaki." Hakulalamika zaidi, lakini aligeuza kiti kitazame maji mpaka jua likazama.

Kupanda bara hadi Inverell

Kesho yake tulikwenda Grafton, tukapanda basi kubwa linalokwea milima kuelekea bara. Kona juu ya kona. Mama Liang alitapika kwenye mfuko, akaufunga vizuri, akaomba mwingine. Kangaruu mmoja alisimama kando ya barabara akitutazama, abiria wote wakaendelea kusoma magazeti, mimi peke yangu nikapiga kelele.

Asubuhi ya kwanza Inverell nilifungua mlango wa chumba cha wageni nikaona majani yote meupe. Barafu! Nilivaa kila nilichokuwa nacho, na kanga juu. Lakini barabara zilikuwa tambarare, hospitali si mbali na maduka, na ilikuwa Jumanne, na watu walikuwapo, wakisalimiana kwa majina.

Mchana tukaingia mkahawa wa Kichina. Mama Liang alisoma orodha iliyoandikwa kwa Kichina na Kiingereza, akaagiza, na kilipoletwa akakitazama muda mrefu. Kuku mwenye mchuzi wa njano unaong'aa kama rangi ya ukuta.

"Muulize," akaniambia, "hiki ni chakula cha nchi gani?"

Mwenye mkahawa, mama wa makamo, alisikia. Akajibu mwenyewe kwa Kikantoni, lugha ya nyumbani kwao, na Mama Liang akanieleza baadaye: ni chakula cha Waaustralia wanaodhani wako China, njoo jikoni nikupikie chako. Mama Liang aliinuka kama hana magoti. Niliwasikia huko ndani kwa saa nzima, wakikatizana maneno, wakicheka. Jina lake Bi Fong. Yeye ndiye aliyetuambia kuhusu Bwana Alf, mteja wake wa kila Alhamisi, mzee anayeuza nyumba yake ahamie kwa binti yake hapo hapo mjini; nyumba yenyewe iko mtaa wa pili tu.

Nyumba ya Alf ni ya mbao, ndogo, paa la bati, jiko la kuni la chuma, na nyuma yake udongo mweusi uliolimwa vizuri, mtu angeweza kuula. Alf mwenyewe ana miaka themanini, mrefu, hasikii sikio la kushoto. Na alikuwa muuzaji wa ajabu kuliko wote niliowahi kukutana nao, maana alituonyesha ubovu tu. Hapa ubao wa bafuni umelegea. Hapa panya hupita. Bustani hii barafu ikija haisazi kitu. Kisha akasimama chumba cha kufulia, akanyoosha kidole juu.

"Na hapa," akasema, "paa linavuja."

Maneno yale yale ya Keung. Kama ningeyasema ningekuwa natimiza alichoniomba. Kama ningeyaficha ningekuwa nimemsaliti Mama Liang pale pale aliponiamini. Nikafungua mdomo, na hiki ndicho kilichotoka:

"Paa linavuja. Linavuja kweli, si maneno ya Keung."

Mama Liang akanigeukia taratibu. "Maneno ya Keung yapi?"

Ikabidi niseme yote, kwa Kichina kile kile cha sokoni: Keung akataka niseme mali mbovu. Keung hataki ununue. Keung anaogopa utaanguka. Alf alikuwa akitutazama, akidhani tunagombana kwa sababu ya paa lake, akaanza kuniahidi atapunguza bei.

Mama Liang alitoka nje akasimama katikati ya bustani. Sikumfuata. Aliporudi aliomba simu. Aliongea dakika mbili tu, akakata. Keung alifika siku ya pili yake mchana, ameendesha gari peke yake mwendo wa saa nane.

Hamtaamini kilichofuata. Mama na mwana, lugha moja, damu moja, walisimama jikoni kwa Alf kila mmoja anaongea na mimi.

"Mwambie mama," Keung akasema kwa Kiingereza, "akianguka bafuni nani atamwokota?"

"Mwambie mwanangu," akasema Mama Liang, "miaka tisa Guangzhou, kama ningeanguka, nani angeniokota?"

Nilitafsiri hilo, na nikaona lilivyomchoma. Mama yake naye aliona. Akaongeza upesi, "Mwambie sikusema hivyo kwa hasira. Mwambie mimi si mzigo wa kuweka gereji. Hapa kuna Fong, kuna udongo, natembea kwa miguu yangu kwenda hospitali. Kule namsubiri yeye arudi kutoka kazini, basi."

Kabla sijamaliza, Keung akaanza kuongea naye moja kwa moja, Kikantoni, sauti ya chini. Sikuelewa neno. Nilimshika Alf mkono nikamwomba anionyeshe miti yake ya ndimu.

Tuliporudi Keung alikuwa juu ya paa, akigonga mabati, na mama yake chini ameshika ngazi kwa mikono miwili, akimpigia kelele ashuke.

Kuhusu bei: Mama Liang aliniandaa usiku kucha, nianze chini sana, nigune, niondoke mara mbili. Asubuhi kabla sijafungua mdomo Alf alitaja bei mpya, chini kuliko tuliyopanga kuimalizia. Mama Liang alikubali kwa uso wa huzuni. Tukiwa nje akaniambia, "Hajui biashara kabisa. Itabidi nimwangalie asije akaibiwa na watu."

Kurudi

Nilirudi peke yangu, mikono mitupu na furaha tele. Nilikwenda Shisanhang kuwaaga majirani zake kwa niaba yake. Kibanda cha kona kina mtu mwingine sasa, anauza soksi. Wote walinizunguka wakiuliza mji ukoje, na mimi maneno yangu ni yale yale, nikawaambia: mali safi, bei nzuri, paa limetengenezwa.

Juzi Ijumaa alipiga simu hapa kwetu chini, mlinzi akaja kuniita. Alikuwa anapiga kelele kana kwamba waya haufiki. Barafu imeua kabeji zote za kwanza, amepanda nyingine. Alf huja Alhamisi, wanakwenda wote kwa Fong. Mwari hakuna, lakini kuna kasuku wa rangi mbili wanaomaliza mbegu zake.

Nikamuuliza Keung anakuja?

"Kila mwezi, Jumamosi moja," akasema, na sauti ikashuka. "Anafika amechoka, anakula, analala kwenye kochi mpaka Jumapili mchana."

"Sasa mnaongea saa ngapi?"

"Hatuongei," akasema Mama Liang. "Analala. Mimi naweka kiti changu karibu, namwangalia."